Michezo ya theluji: maswali mnayoniuliza kila siku barzani na majibu yake

Kila Olimpiki ya baridi ikifika inakuwa mwezi wa pili, na kwetu mwezi wa pili ndo kaskazi hiyo, jua linapiga, mtu kahawa anainywa huku anajipepea kwa kipande cha boksi, na mie nimeganda mbele ya tivii natizama watu wamevaa majaketi wanateleza. Basi maswali hayeshi. Na ni yaleyale, anayekwenda kuswali akirudi anauliza alichouliza mwenzake jana, nimeona niyaandike yote pahala pamoja, mtu akiniuliza tena namtumia hii mie niendelee kutizama.

Wewe mtoto wa Kikwajuni hapa Unguja, theluji umeijulia wapi?

Sijaijua. Mpaka leo sijaigusa. Ila barafu naijua vizuri, mana'ke ujanani nilikuwa namsaidia ami yangu kazi ya samaki pale Malindi ya hapahapa Unguja, alfajiri mashua zinaingia, barafu inapondwa ndani ya gunia, maji yanachuruzika sakafuni yanachanganyika na magamba, na wewe umebeba tenga la changu kichwani, miguuni ndara zimelika mpaka unausikia ubaridi wa saruji. Siku moja niliteleza kuanzia mlangoni mpaka miguuni kwa dalali, kwa makalio, tenga lipo juu vilevile na hata samaki mmoja hakuanguka, watu wakanipigia makofi. Ami hakupiga. Tangu siku ile nikimuona mtu anashuka kwenye barafu kilomita 130 kwa saa, roho yangu iko nae.

Michezo yenyewe ni ipi, mbona mingi?

Mingi kweli. Ilianza 1924 Chamonix, Ufaransa, na inazidi kuongezwa. Wewe igawe mafungu mawili tu, kuna ya barafu (skeiti za mbio, yaani vile viatu vyenye visu chini, skeiti za kucheza kwa muziki, hoki, vigari vya mtaroni, na ule wa kufagia ambao nimeuweka mwisho makusudi) na kuna ya theluji (skii za kila namna, zile mbao mbili ndefu za miguuni, snoubodi, ule ubao mmoja wa kusimamia, kuruka, bayathloni). Mengine utayajua njiani.

Yule anayelala kifudifudi, kichwa mbele, ana akili zake timamu?

Huo unaitwa skeletoni, na akili zake anazo, ila kaziweka pembeni kwa dakika moja hivi. Luji ni kinyume chake, analala chali miguu mbele. Bobsledi ni kile kigari cha watu wawili au wanne, wanakisukuma mbio halafu wanajirusha ndani mmoja mmoja kama makonda gari ishaondoka. Breki ipo lakini inapigwa mkishafika, huko njiani ni nyinyi na Mungu wenu.

Halafu saa zao sasa. Olimpiki ya Pyeongchang 2018, Korea Kusini, bobsledi ya watu wawili, mnateremka mara nne katika siku mbili halafu wanajumlisha, Kanada wakapata dakika 3 na sekunde 16.86, Wajerumani wakapata dakika 3 na sekunde 16.86. Sawasawa kabisa! Wakapewa dhahabu wote. Mie nikitoka hapa kwenda Darajani mara nne kwa miguu tofauti itakuwa robo saa, kwa kusalimiana tu.

Lakini usiucheke mchezo huo. Februari 12, 2010, siku yenyewe ya ufunguzi wa Vancouver, kijana wa Georgia, Nodar Kumaritashvili, miaka 21, alikuwa mazoezini kwenye luji akarushwa nje ya mtaro na akafariki. Wenzake usiku ule waliingia uwanjani wamevaa alama nyeusi, na uwanja mzima ukawasimamia.

Mtu mweusi kutoka Afrika ashawahi kushindana huko?

Swali hili naulizwa kuliko yote. Ndio, na zamani. Lamine Guèye wa Senegal alishuka na skii Sarajevo 1984. Wanigeria walipeleka bobsledi ya wanawake 2018, Seun Adigun na wenzake, timu ya kwanza ya Afrika katika mchezo ule. Kwame Nkrumah-Acheampong wa Ghana, ambaye alijifunza skii kwenye kilima cha ndani ya jengo kule Milton Keynes, Uingereza, alishindana Vancouver 2010 kwenye slalomu, ile ya kupita baina ya vijiti, akawa wa 47. Mtu akisikia 47 anacheka. Sasa walianza zaidi ya 100 na zaidi ya nusu yao hawakumaliza, wameanguka, wamekosa kijiti, wameishia njiani, na yeye kafika chini kwa miguu yake. Hapo nani wa kuchekwa?

Ila wangu mie ni jirani yetu, Philip Boit wa Kenya. Mkimbiaji wa mita 800 huyu, ami yake Mike Boit alipata shaba ya mbio hizohizo Munich 1972, yaani nyumba ya mbio. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ikamchukua yeye na mwenzake ikawapeleka Finland wakafundishwe skii, mtu theluji hajawahi kuiona, na miaka miwili baadae yuko Nagano, Japani, kilomita 10. Siku hiyo mvua ikanyesha, theluji ikawa uji, inamganda chini ya skii. Bjørn Dæhlie wa Norway, bingwa wa mabingwa, kamaliza kwa dakika 27 na kitu. Wengine wakamaliza. Boit bado. Watayarishaji wanataka kutoa medali waende zao na Dæhlie kagoma, kasimama palepale mwisho wa njia kwenye baridi anangoja. Dakika 20 nzima baada yake ndo Boit anatokea, wa 92, wa mwisho, watu wanashangilia utafikiri kashinda yeye, na bingwa akamkumbatia. Boit aliporudi kwao akapata mtoto wa kiume akamwita Dæhlie. Hapo Bonde la Ufa, mtoto wa Kikalenjini ana jina la Mnorway! Na Boit hakuacha, akarudi 2002 na 2006.

Medali jee? Mpaka Beijing 2022 hakuna nchi ya Afrika iliyoipata. Bado.

Na visiwa jee? Wa kisiwani kama sisi?

Wapo, tena wana vituko. Wajamaika mnawajua, Calgary 1988, bobsledi ya watu wanne ilipinduka wakatoka chini yake wakatembea nayo mpaka mwisho huku watu wanawapungia.

Mnaowasahau ni Watonga, visiwa vya minazi kama kwetu. Kijana mmoja wa kule, jina lake la nyumbani Fuahea Semi, alitaka kwenda kwenye luji na pesa hana, basi akabadilisha jina rasmi akaitwa Bruno Banani, na Bruno Banani ni kampuni ya Ujerumani inayouza nguo za ndani. Naam, chupi. Kaingia Olimpiki ya Sochi 2014 kwa jina la chupi, akawa wa 32. Marehemu babu angesema huyo hana haya, mie nasema huyo ana akili ya biashara.

Halafu Pita Taufatofua, yule aliyebeba bendera ya Tonga Pyeongchang kifua wazi kajipaka mafuta watu wengine wote wamejifunika mpaka pua. Kilomita 15 za skii akawa wa 114. Lakini alipofika hakuondoka, yeye na wachache wenzake wa nyuma walimngoja wa mwisho kabisa, Germán Madrazo wa Meksiko, aliyefika na bendera ya kwao mkononi, wakambeba juu. Hapo kwenye mbio za ngalawa zetu wa mwisho anakuta watu washarudi majumbani na pilau lishaliwa.

Nani aliyeshinda kwa bahati kuliko wote duniani?

Steven Bradbury wa Australia, na baada yake sidhani kama atatokea mwengine. Tulieni niwaeleze. Salt Lake City 2002, skeiti za njia fupi mita 1000, uwanja mdogo kama ukumbi wa harusi, watu wanabanana kwenye kona. Robo fainali kawa wa tatu, kashatoka, mara mmoja wa mbele kafutwa, kaingia. Nusu fainali yuko nyuma kabisa, waliokuwa mbele wakagongana wakaanguka, kaingia tena. Fainali wako watano, yeye mzee kuliko wote na anajua miguu yake haiwawezi, akaamua akae nyuma asubiri. Kona ya mwisho kabisa, mstari uko palee, wanne wa mbele wakaanguka wote, wote! Bradbury yuko mita kama 15 nyuma peke yake, akapita katikati ya miguu na mikono akafika wa mwanzo, mikono juu, uso wa mtu asiyejua acheke au aombe radhi. Dhahabu ya kwanza ya baridi kwa Australia, na kwa nchi zote za kusini ya dunia.

Sasa mkimaliza kucheka sikilizeni na upande wa pili. Mtu huyu 1994 alikatwa paja kwa kisu cha skeiti ya mwenzake akapoteza damu lita 4, akashonwa nyuzi 111. Mwaka 2000 akavunjika shingo mazoezini. Kwa hiyo bahati ile ilikuwa na deni lake, na kishalilipa mapema.

Nani alivunjika moyo kuliko wote?

Hapa barzani tumegombana, kila mtu na wake. Mwanangu wa mwanzo anasema Sven Kramer, Mholanzi, na simlaumu. Vancouver 2010, mita 10,000, skeiti za mbio ndefu, wanakimbia wawili wawili na kila mzunguko mnabadilishana njia, wa ndani anatoka nje, wa nje anaingia ndani. Kramer anakwenda kama maji. Karibu na kona kocha wake, Gerard Kemkers, akamwonesha ingia ndani, na njia yake ilikuwa nje. Kramer kasita kidogo, kamsikiliza kocha, kaingia ndani. Akamaliza kwa kumzidi mshindi zaidi ya sekunde 4, kanyanyua mikono, halafu kocha anamjia uso umempauka anamwambia umefutwa. Akavua miwani akairusha. Dhahabu ikaenda kwa Lee Seung-hoon wa Korea Kusini, na Kramer mita 10,000 za Olimpiki hakuzishinda tena maisha yake.

Wangu mie ni Dan Jansen, Mmarekani wa skeiti hizohizo za mbio. Februari 14, 1988, Calgary, asubuhi ya mashindano anapigiwa simu dada yake Jane amefariki, saratani ya damu. Jioni akaingia uwanjani mita 500, kona ya kwanza kaanguka. Siku nne baadae mita 1000, anakwenda vizuri, kaanguka tena. Miaka minne ikapita, hola. 1994 Lillehammer mita 500 kateleza, wa nane. Imebaki mbio moja, mita 1000, ambazo hata si zake, na baada ya hapo anastaafu. Akashinda, na rikodi ya dunia akavunja. Akazunguka uwanja kambeba mtoto wake mchanga wa kike, jina lake Jane. Mie sikuiona siku yenyewe, nimeiona kwenye simu miaka mingi baadae niko kwenye daladala ya Fuoni, na abiria mwenzangu akaniuliza kaka kuna msiba?

Lindsey Jacobellis ni kundi lengine, yake ilikuwa maringo. Torino 2006, snoubodi za kukimbizana, yuko mbele kwa mbali, kaona aruke kwa mapozi aushike ubao hewani kidogo watu wafurahi. Puu! Tanja Frieden wa Uswisi kampita, Jacobellis akabaki na medali ya fedha. Kachekwa miaka 16. Beijing 2022, ana miaka 36, akaja akashinda dhahabu na siku chache baadae akachukua ya pili ya timu mchanganyiko. 

Bayathloni, mbona wana bunduki?

Mnaskii kilomita kadhaa moyo unataka kutoka, halafu unasimama upige shabaha tano ziko mita 50, ukilala shabaha ina upana wa milimita 45, yaani unapiga kitu kidogo kuliko kikombe cha kahawa huku unahema kama mbwa. Katika mashindano mengi ukikosa moja unazunguka mita 150 za adhabu. Ndo mana mtu anaweza kuwa wa kwanza akakosa mara mbili akawa wa ishirini. Ukitaka kujua ugumu wake panda ngazi za jumba la Beit el Ajaib pale Forodhani mbio halafu tunga uzi kwenye sindano.

Ni kweli kuna aliyeshinda kwa skii za kuazima?

Kweli. Ester Ledecká wa Chekia, 2018. Yeye mtu wa snoubodi khasa, skii kama za ziada, akashuka mbio za super-G, za kuteremka mlima, kwa skii zilizokuwa za bingwa mwengine, na watu washampa pongezi Anna Veith wa Austria, mambo yashakwisha. Ledecká kafika, saa inaonesha kashinda kwa sekunde 0.01, na yeye kasimama anaitizama kama anasema hiyo saa mbovu. Kwa waandishi hakuvua miwani ya skii, kasema hakujua kama atashinda kwa hiyo hakujipodoa. Wiki moja baadae akashinda na snoubodi yake.

Medali ya dhahabu ni dhahabu tupu?

Hapana. Ni fedha imepakwa dhahabu, gramu 6 tu. Sonara wa Mkunazini angekurudishia.

Huko nako kuna waungwana au ni kila mtu na lwake?

Wapo. Eugenio Monti, Mtaliano, Innsbruck 1964. Waingereza Nash na Dixon bobsledi yao imekatika bolti, washaaga mashindano, Monti katoa bolti kwenye chake kawapelekea. Waingereza wakashinda dhahabu, Monti kaambulia shaba, na kwao wakamsema sana. Yeye akawajibu kuwa wale wameshinda kwa kuwa walikuwa na mbio zaidi, si kwa bolti. 1968 akachukua dhahabu mbili, ana miaka 40.

Na Brittany Bowe, Mmarekani wa skeiti za mbio. Rafiki yake Erin Jackson, wote wa mji mmoja, Ocala, Florida, joto kama hapa, alijikwaa kwenye mchujo wa Marekani akakosa nafasi ya mita 500, na yeye ndo mwenye mbio kuliko wote. Bowe kamwachia nafasi yake. Jackson akaenda Beijing 2022 akashinda, mwanamke mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika Olimpiki ya baridi. Hapo nani kampa nani zawadi sijui.

Theluji isipoanguka wanafanyaje?

Innsbruck 1964 ilikosekana, jeshi la Austria likabeba theluji na vipande vya barafu kutoka milimani. Siku hizi wana mashine, maji yanarushwa kwenye hewa ya baridi yanaganda kabla hayajafika chini. Beijing 2022 karibu yote ilikuwa ya mashine. Msininunie, na sisi mbona tunakunywa juisi ya unga.

Ile ya yule Mfini ni kweli?

Ni kweli na siielezi sana, mama zetu wanasoma. Beijing 2022, kilomita 50 za skii zikapunguzwa zikawa 30 kwa ajili ya baridi na upepo, na Remi Lindholm akafika mwisho kiungo kimoja kimemganda. Si mkono, si mguu. Tuendelee.

Tanzania tuna Kilimanjaro, mbona hatuendi?

Barafu ya Kibo iko juu kule mita 5,000 na ushei, ukifika pumzi huna, utaskii na nini. Na Zanzibar peke yetu hatutambuliwi Olimpiki, tunakwenda kwa jina la Tanzania. Kwenye mpira wenyewe CAF walitupokea Machi 2017 wakatutoa Julai mwaka huohuo. Sasa mnanambia mambo ya kuvunjika moyo nikawatafute Waholanzi.

Ule wa kufagia mbele ya jiwe, ule nao mchezo kweli?

Unaitwa kalingi, na ni mchezo kweli. Jiwe lina karibu kilo 20, matale yenyewe yanatoka kisiwa kidogo cha Scotland kinaitwa Ailsa Craig. Mmoja analisukuma taratibu, wawili wanakimbia mbele yake wanafagia, ule msuguano unaipasha barafu joto kidogo basi jiwe linakwenda mbali zaidi na linanyooka. Lengo ni duara mwisho wa njia, wenyewe wanaiita nyumba, aliye karibu na katikati ndo mwenye pointi.

Kwa maneno hamkunielewa, nikaona niwaoneshe. Ukumbini kwa bi mkubwa kuna sakafu ya terazo, tukamwaga maji na povu la sabuni, mwisho tukachora duara kwa chaki, jiwe tukafanya sufuria yake ya pilau ina maji nusu, na vijana wawili na mafagio ya chelewa. Nikasukuma. Jamani lilikwenda! Mie napiga kelele fagia, fagia, wao wanafagia kwa imani, sufuria ikaingia kwenye nyumba, ikatoka kwenye nyumba, ikapita mlangoni, ikashuka ngazi tatu moja moja, ngwa, ngwa, ngwa, ikaenda kusimama kwenye jiko la muuza kahawa.

Bi mkubwa katoka kajifunga kanga kiunoni. Hakugomba. Kaitizama sakafu, kaitizama sufuria imebonyea, akauliza, "Na hiyo dhahabu anapewa anayesukuma au wanaofagia?"

Tukamjibu wote, bibi.

"Haya, na uwani kunakungojeni."

Sufuria ipo mpaka leo, ikiwekwa mekoni inacheza, na wali wake unashika ukoko upande mmoja tu.